Bomba Chini ya Mkomamanga

Mvua ya masika ikianza kunyesha kwa nguvu mchana, mpaka leo huwa nainuka kitini bila kujijua. Kwa miaka sita nilikuwa nikiinuka hivyo, nachukua mwavuli na spana, nakwenda nyuma ya choo cha uani, nainama. Wapangaji walidhani naangalia msingi usiliwe na maji. Mke wangu naye alidhani hivyo. Nilikuwa nafungua bomba.

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam atanielewa haraka. Choo cha shimo kikijaa, njia halali ni kuita gari la kunyonya maji taka. Njia nyingine ni kutapisha. Unasubiri mvua kubwa, unatoboa shimo kwa pembeni, uchafu unatoka na kuchukuliwa na maji ya mvua kwenda kwa watu wa chini. Mvua ikikatika, mtaro mzima unanuka na kila mtu anamtazama mwenzake. Sheria ndogo za manispaa zinakataza, tena kwa faini, na hakuna mwenye nyumba asiyejua. Wengi hutapisha kwa sululu. Mimi niliweka bomba lenye koki, lililofukiwa ardhini, ili nisije nikaonekana na sululu. Nilikuwa mtu wa mipango.

Nyumba yangu iko Temeke, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda bondeni. Niliijenga taratibu, chumba baada ya chumba, nikiwa karani wa bohari. Nilipostaafu ilikuwa na vyumba tisa, sita vya wapangaji. Kisha nikaongeza fremu mbili za maduka kwa mbele, nikazisogeza mpaka ukingoni mwa njia. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule aliniambia nimekula barabara. Nilimjibu kwamba mbona barabara hailii. Watu walicheka, nami nikaona nimeshinda.

Haikupita miaka miwili choo kikajaa. Gari la kunyonya likaja, likafika kwenye kona ya fremu zangu, likashindwa kupita. Walijaribu kuvuta mpira, ukaishia mlangoni kwa mpangaji wa chumba cha pili. Dereva aliteremka, akazitazama fremu, akanitazama mimi.

“Mzee, hapa labda utuletee helikopta,” akasema.

Ningeweza kubomoa fremu moja. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, kisha nikalitupa.

Nyumba iliyofuata kwa chini, ng'ambo ya kichochoro, ilikuwa ya mama mmoja mjane, mwenyeji wa pwani, aliyekuwepo pale kabla mtaa haujawa mtaa. Watu walimwita Bi Mkubwa wa bondeni. Mimi na yeye tuliitana jirani. Jina lake silitaji humu, na sababu yake itaonekana. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, na ua wake ulikuwa na mistari ya ufagio kila asubuhi kama shamba lililopigwa matuta. Alinyunyiza maji kwanza, akafagia, kisha akakaa barazani kuona nani ataharibu mistari yake. Katikati ya ua palikuwa na mkomamanga, na nyuma ya ua ulipita mtaro mkubwa wa mtaa. Ule mtaro ndio nilioutaka.

Sisi ni watu wa bara, Wakristo, na tulipohamia pale hatukuwa na mtu. Ramadhani ya kwanza, jua lilipozama, alikuja mwenyewe na sahani iliyofunikwa kawa. Ndani kulikuwa na tambi za sukari zenye hiliki, na pembeni muhogo wa nazi. Mke wangu alistaajabu, akasema sisi hatufungi. Akajibiwa kwamba njaa ya magharibi haiulizi dini. Mke wangu alijifunza kwake kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, na Krismasi ile akairudisha na pilau. Ikawa hivyo kila mwaka. Sahani ilikuwa ya udongo, nyeupe, yenye maua ya bluu ukingoni na ufa mdogo kama unywele.

Mwaka ule choo kilipojaa, dada yake alifariki Mafia. Alikuwa anakwenda kukaa huko mpaka arobaini iishe. Asubuhi ya safari alibisha hodi akiwa amejitanda kanga mbili, akanipa ufunguo wa lango lake.

“Jirani, nyumba hiyo hapo,” alisema. “Ukiona jani limedondoka, liache. Nitakuja kulifagia mwenyewe.”

Alisema kwa utani, ingawa alikuwa na msiba.

Siku ya tisa baada ya yeye kuondoka nilimleta fundi bomba kutoka Ubungo, mtu ambaye hakuna aliyemjua kwetu. Tulipima. Kutoka kwenye shimo langu mpaka mtaroni, njia fupi ilikuwa kukata kichochoro na kupita kwenye kona ya ua wake, karibu na choo chake, chini ya mkomamanga. Fundi aliuliza hapa si kwa watu. Nikamwambia tumekwisha zungumza, na nikamwonyesha ufunguo. Nadhani uongo ule usingesimama bila ufunguo. Tulifungua lango, tukachimba, tukalaza bomba, tukafukia. Nilishika ufagio mimi mwenyewe nikajaribu kuiga ile mistari yake. Aliporudi alisimama uani kitambo, akasema, “Jirani, nani alinifagilia?” Nikamwambia ni mimi. Alinishukuru. Alimletea mke wangu pweza mkavu kutoka Mafia.

Miaka sita bomba lilifanya kazi. Nilichagua mvua kubwa tu, za mchana, zenye kelele.

Katika miaka hiyo hiyo nikachaguliwa katibu wa kamati ya usafi ya mtaa. Walinichagua kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na nina mwandiko unaosomeka. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi maduka hufungwa mpaka saa nne, watu wanatoka na mafagio na majembe, mitaro inazibuliwa. Sisi wa kamati tulipita nyumba kwa nyumba na bwana afya, kijana mpole aliyevaa mabuti ya mpira hata wakati wa jua. Yeye alitazama, mimi niliandika. Nyasi ndefu, niliandika. Pipa la taka halina mfuniko, niliandika. Maji ya kuogea yanatiririka njiani, niliandika. Mwenye kosa alipewa ilani ya siku kadhaa arekebishe, akishindwa anatozwa faini. Mwenyekiti aliongeza jambo lake: majina ya waliopewa ilani yasomwe mbele ya mkutano wa mtaa, kwa kuwa mtu wa kwetu anaogopa jirani kuliko anavyoogopa karatasi. Aliyesoma nilikuwa mimi. Nakiri nilisoma vizuri. Nilijua wapi pa kutua.

Na nyumba yangu mwenyewe ilikuwa ya kupigiwa mfano. Chokaa kila Desemba, pipa lenye mfuniko, maua kwenye makopo. Bwana afya aliwahi kuwaleta wenye nyumba wengine waje waone.

Mwaka wa saba, Ijumaa moja ya masika, mvua ilishuka baada ya saa nane mchana. Nilifungua koki kama kawaida, nikaifunga baada ya nusu saa. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya usafi. Tulipofika kwenye lango la jirani yangu, bwana afya aliinua pua kabla hajabisha. Tuliingia. Kona ya ua, chini ya mkomamanga, hatua tatu kutoka kwenye choo chake, ardhi ilikuwa imefumuka, na uchafu wa choo ulikuwa umesambaa juu ya mistari ya ufagio mpaka karibu na baraza. Yeye alikuwa amesimama na ndoo ya majivu, kanga ameifunga kiunoni, anamwaga majivu. Macho yalikuwa mekundu. Sidhani alikuwa amelala.

Mimi nilijua tangu hatua ya kwanza. Kiungo cha bomba kilikuwa pale pale. Kilipasuka.

Bwana afya alimwamkia kwa heshima, kisha akasema kile ambacho mtu yeyote angesema: choo chako kimejaa, bibi, kimepasukia huku, au kuna mtu amekitapisha.

“Mwanangu, choo changu nakijua,” alijibu. “Hakijafika hata nusu. Naishi peke yangu.”

Kijana alitazama choo, akatazama uchafu, akapima kwa macho zile hatua tatu. Hakuna aliyekuwa anatazama ng'ambo ya kichochoro. Mama yule akanigeukia mimi.

“Jirani, wewe ndiye uliyekaa na ufunguo wangu. Nyumba hii unaijua. Hebu waambie.”

Nilikuwa na daftari mkononi. Nakumbuka kalamu ilikuwa ya bluu na imefungwa uzi. Watu wa kamati walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa mpangaji wangu. Nilifikiria fremu, nikafikiria bwana afya alivyowaleta watu kutazama makopo yangu ya maua. Nikasema:

“Sheria ni sheria, jirani.”

Aliinama akaendelea kumwaga majivu. Nami nikaandika.

Wiki mbili baadaye ulikuwa mkutano, uwanjani mbele ya ofisi ya mtaa, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na wengine kwenye matofali. Jina lake lilikuwa la nne. Nilitaka kulisoma haraka. Lakini mwenyekiti alinikatiza, akataka nirudie kwa sauti kwa sababu nyuma hawakusikia. Nikarudia. Kutoka nyuma mtu akasema, “Kumbe ile mistari ya ufagio ilikuwa ya juu juu,” na watu wakacheka. Yeye alikuwa amekaa mstari wa pili, na mkoba wake ameushika kwa mikono miwili. Hakutoka. Alikaa mpaka mwisho wa mkutano, mpaka tulipofika mambo ya taa za barabarani.

Faini alilipa. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimleta fundi akavunja sakafu ya choo chake chote. Siku tatu nilisikia nyundo kutoka barazani kwangu. Shimo lilikuwa zima, halijafika nusu, kama alivyosema. Alilijenga upya hata hivyo. Bwana afya alirudi, akaona choo kipya, akafuta ilani kwenye karatasi zake. Kwenye mkutano uliofuata sikusoma kwamba imefutwa, kwa sababu utaratibu wetu ulikuwa kusoma wenye makosa tu.

Mimi koki sikuifungua tena, nikachimba shimo jingine dogo uani. Nilijiambia yamekwisha.

Ramadhani ikaingia. Jioni moja ya kumi la kwanza la mwezi niliona kawa inakuja kichochoroni. Alikuwa amevaa baibui safi na alitembea taratibu ili asimwage. Mke wangu alipokea sahani, akashukuru, wakaulizana hali. Alipoondoka, mke wangu aliingia ndani, akafunua kawa. Harufu ya hiliki ilijaa sebule. Akatoka mpaka kwenye ndoo ya taka mlangoni na kumwaga zile tambi, na muhogo juu yake.

“Nisamehe, baba,” aliniambia. “Moyo unakataa. Kitu cha nyumba ile siwezi kula. Si umesoma mwenyewe?”

Wapangaji wawili waliopelekewa sahani nao walikuwa wamefanya hivyo hivyo. Nilisikia wakiambiana jikoni. Ningeweza kumwambia mke wangu wakati ule, tukiwa wawili tu, mlango umefungwa. Nilimwambia taa ya sebuleni inafifia, tununue nyingine.

Asubuhi yake jirani alipita kwenda dukani, akaona apitie sahani yake. Nilikuwa barazani. Ndoo ilikuwa pale pale mlangoni, wazi, mchukua taka hajapita. Tambi zilikuwa juu, nyeupe, hazijaguswa, zimeshikana katika umbo la sahani. Alizitazama. Kisha akaniuliza mke wangu hajambo. Nikasema hajambo. Akasema msalimie, akaendelea na safari yake. Sahani hakuiulizia, siku ile wala siku nyingine.

Baada ya Idi aliuza nyumba. Alihamia Kipawa kwa binti yake. Siku ya kuondoka sikuwepo. Nilikuwa nimejitafutia shughuli Gongo la Mboto, kumtazama mtu ambaye hakuwa mgonjwa sana.

Aliyenunua alikuwa mfanyabiashara, akang'oa mkomamanga ajenge ukuta. Nilikuwa nimesimama kichochoroni na mke wangu pale mafundi wake walipopiga sululu ikagonga plastiki. Wakavuta. Bomba likatoka na kipande kilichopasuka, na maji meusi yaliyokaa humo muda wote yakamwagika. Fundi mmoja alishika upande wake akauliza hili linatoka wapi. Nikasema ni la zamani, zibeni tu. Lakini bomba lililozikwa ni kama uzi, ukivuta upande mmoja unaona upande wa pili unakotikisika. Udongo ulifumuka kidogo kidogo kuvuka kichochoro mpaka chini ya ukuta wangu. Mke wangu aliufuata kwa macho mpaka mwisho.

Jioni aliitoa ile sahani kabatini, akaiosha, akaifuta, akaiweka mezani mbele yangu badala ya chakula.

“Sahani ya watu hairudi tupu,” alisema. “Mimi sina cha kuweka humo. Tafuta wewe.”

Alinipa chakula baadaye, ila sahani ikabaki mezani wiki nzima. Kisha aliirudisha kabatini. Ramadhani iliyofuata aliitoa tena akaiweka pale pale. Na iliyofuata. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda Kipawa ndani ya mwezi ule wa kwanza. Nilikwenda baada ya miaka miwili na miezi kadhaa. Kila nilipotaka kwenda palikuwa na sababu: mguu, mvua, mpangaji anahama. Nilikuwa bado katibu.

Nilipokwenda niliweka mchele kwenye sahani, mchele wa Kyela, nikaufunga kwa kitambaa. Nilimkuta sebuleni kwa binti yake, miguu imevimba, ameiweka juu ya kigoda. Alinisalimia kama jirani na kuniulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja. Binti alileta chai akatuacha. Nikamwambia. Sikuwa na maneno mazuri, nilianza na fremu, nikaja kwenye gari, nikaja kwenye ufunguo. Alikuwa anasikiliza akitazama kitambaa cha sahani.

“Ulipitisha wapi?” aliuliza.

“Kwenye kona. Chini ya mkomamanga.”

“Wakati niko Mafia.”

“Ndiyo.”

“Na mistari ukanifagilia.”

Nikasema ndiyo.

Chai yangu iliota utando. Kisha alisema kwa ile sauti yake ndogo:

“Nilivunja choo changu. Siku tatu nimekaa na fundi natazama ndani ya shimo langu mwenyewe, natafuta uchafu ambao sio wangu. Usiku nikajiambia labda uzee, labda nimekuwa mchafu na sijijui.”

Nilimwomba msamaha. Hakukataa, wala hakusema amenisamehe. Aliuliza jina lake nililisomea wapi. Nikamwambia anajua, ni pale uwanjani kwenye mkutano.

“Basi kalirudishe pale pale. Na sahani hiyo rudi nayo. Ukishasema, ndipo uniletee.”

Mkutano wa mtaa ni kila miezi mitatu. Safari hii sikutafuta sababu, ila sitajisifu, maana usiku wa kuamkia siku ile nilimwomba Mungu mvua inyeshe mkutano uahirishwe. Jua lilikuwa kali. Nilikaa nyuma. Mwenyekiti alikuwa mpya, mwanamke, mchapakazi. Tulipita agenda ya ulinzi, agenda ya gari la taka, agenda ya maji. Nikapewa nafasi kwenye mengineyo.

Nilisimama nikasema kwamba miaka kadhaa nyuma nilisoma hapa jina la mama fulani, nikalitaja jina lake lote, kwamba ametapisha choo. Nikasema hakutapisha yeye, nilitapisha mimi, kwa bomba nililopitisha uani kwake kwa ufunguo wake. Nikasema nyumba yake ilikuwa safi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilizungusha macho kutafuta nyuso zilizokuwepo siku ile. Mtaa wetu ni wa wapangaji, watu huja na kuondoka. Mbele yangu walikaa vijana na akina mama nisiowajua hata majina, wananitazama kwa adabu kama anavyotazamwa mzee aliyepoteza kitu. Dada mmoja aliyempakata mtoto aliinua mkono.

“Shikamoo babu. Samahani, huyo bibi ni yupi?”

Nikajaribu kueleza. Nyumba ya bondeni. Yenye mkomamanga. Hakuna mkomamanga siku hizi, kuna ukuta. Jamaa mwingine akauliza bomba limeshazibwa, maana yeye ndiye anayeishi chini sasa. Nikasema limeshang'olewa. Mtu akasema, “Kwa hiyo kamati ya usafi ndiyo ilikuwa inatutapishia sie,” na kicheko kikapita, kicheko kile kile, safari hii kikiwa changu. Nilikipokea. Kilikuwa chepesi kuliko nilichostahili.

Katibu mpya, maana mimi nilikuwa nimejiuzulu asubuhi ile, alikuwa msichana aliyesoma chuo. Alisimamisha kalamu akaniuliza aandikeje.

“Andika nyumba yake ilikuwa safi,” nikamwambia.

Akaandika. Wakarudi kwenye suala la gari la taka, linapita saa ngapi.

Bwana afya wa sasa alikuja wiki ile, akanipa ilani ya fremu. Nilizibomoa zote mbili. Sasa gari la kunyonya linapita mpaka mlangoni, na kazi yote huchukua kama saa moja. Huwa nasimama kuitazama. Saa moja tu.

Nilirudi Kipawa na sahani. Safari hii mke wangu aliijaza mwenyewe, maandazi ya nazi. Jirani alipokea, akaiweka mapajani. Hakuuliza nilisema nini. Aliuliza nani walikuwepo.

“Mwenye duka la kona?”

“Alihamia Ubungo.”

“Mama wa uji?”

“Alirudi kwao Tanga.”

“Fundi cherehani, yule aliyecheka?”

“Alifariki mwaka juzi.”

Akataja wengine saba au wanane, na kila mmoja nilikuwa na mahali alikokwenda. Waliobaki walikuwa watatu, na mmoja wao hasikii vizuri. Akasema, bila ukali wowote:

“Kwa hiyo wote hao wamekwenda na jina langu chafu.”

Alimwita binti yake ahamishie maandazi kwenye chombo kingine, akaiosha sahani mwenyewe kwenye beseni, akaupapasa ule ufa kwa kidole, akaiweka kabatini kwake. Nilitoka mikono mitupu. Ndivyo ilivyostahili.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ubungo. Nilimtafuta yule mwenye duka kwa kuulizia, nikampata. Alifurahi, akanikalisha kwenye kreti la soda. Nilipomtaja yule mama akasema mara moja, “Aa, yule bibi wa choo kibovu.” Miaka yote ile, na hicho ndicho alichokihifadhi. Nikamweleza. Alinisikiliza huku anahudumia wateja, akasema mambo ya dunia, mzee wangu. Nikamwomba arudie nilichomwambia. Alinishangaa, lakini akarudia: nyumba ya yule bibi ilikuwa safi.

Huyo ni mmoja. Mama wa uji nilimpata kwa simu. Mpangaji wangu aliyekuwa kwenye kamati nilimpata msibani. Wengine siwajui walipo, na miguu yangu siku hizi haifiki mbali. Ndiyo sababu nimeandika haya. Mwandiko wangu bado unasomeka, nao ndio uliolipeleka jina lake pale. Jina lenyewe sikuliweka, kwa kuwa nilishalisoma mara mbili mbele za watu alipokuwa hana kosa, na waliolisikia watajua ni nani bila mimi kulirudia.

Kama ulipanga chumba Temeke miaka ile, ukakaa uwanjani kwenye kiti cha plastiki au juu ya tofali, ukasikia katibu mwenye sauti nzuri akisoma majina manne, lile la nne lilikuwa langu. Na kama Ramadhani ile uliletewa sahani kutoka nyumba ya chini ukaimwaga, zile tambi zilikuwa safi. Tulizimwaga bure.